Mwongozo kwa Aishiye Kando ya Mto: Namna ya Kuijaribu Amana ya Walinzi wa Maji

Ewe msomaji uchotaye maji mtoni, au unyweshaye mifugo yako humo, au ulaye samaki wake, au hata wewe wa mjini uyapataye maji hayo bombani pasipo kujua ni bonde gani limeyatoa, waraka huu nimekuandikia wewe. Muradi wangu si kukuhimiza uwaamini watu waliopewa na sheria kazi ya kulinda mito, wala si kukuhimiza uwatuhumu. Nataka kukuonyesha namna ya kuijaribu imani yako kabla hujaitoa, na namna ya kuidai haki yako pindi imani hiyo inapovunjwa. Imani na amana katika lugha yetu ni maneno ya shina moja, na wazee wa pwani walipoweka kwa mtu fedha zao au hati za mashamba yao kabla ya kusafiri kwa jahazi, walimpima kwa hesabu aliyoitoa siku ya kurudisha, hata kama siku ya kupokea alisema maneno matamu kuliko asali. Mto nao ni amana ya namna hiyo, ila una dhiki moja ambayo fedha haina: fedha ikipungua mwenyewe huihesabu akajua, lakini zebaki, risasi na aseniki hukaa majini pasipo rangi, pasipo harufu wala ladha, hata mtu akanywa miaka mingi huku akiyasifu maji ya mto wake kwa uangavu. Asiyeweza kuihesabu mali yake kwa macho hana budi kumtegemea mwenye kuihesabu kwa vyombo, na hapo ndipo linapozaliwa jambo la kuwaamini ama kutowaamini wasimamizi wa mazingira.

Babu zetu hawakuwa na maabara, lakini walikuwa na dawa ya shaka. Katika miteremko ya Kilimanjaro Wachaga walichimba mifereji waliyoiita mifongo, na katika milima ya Upare watu walijenga ndiva, yaani vibwawa vya kukusanya maji ya usiku kucha ili yafunguliwe asubuhi kwa zamu. Na mzee aliyesimamia mfongo au ndiva aliaminiwa kwa sababu kila mwenye zamu aliweza kusimama penye lango likifunguliwa, akaona mwenyewe maji yameelekea shamba la nani na kwa muda gani. Asiyetoka kuukarabati mfereji alitozwa, na jirani zake walishuhudia kutozwa kwake. Siku hizi lango limehamishwa. Kibali cha kuvuta maji hutiwa sahihi katika ofisi iliyo mbali na mto, kipimo cha sumu husomwa katika maabara iliyo mbali zaidi, na hukumu hutangazwa mbele ya waandishi wa habari; kwa hiyo yule aliyekuwa akiona, sasa huambiwa. Sisemi turudi katika mifongo, maana mfongo haukuwahi kukabiliana na bwawa la topesumu, yaani matope yenye sumu yatokayo migodini. Nasema kwamba mtu aliyeondolewa penye lango hana budi kujifunza kusoma karatasi.

Jambo la kwanza, basi, ni kujua amana yako iko mikononi mwa nani, maana nimewaona watu wenye haki wakipoteza mwaka mzima kwa kupeleka shauri la kweli katika mlango usiokuwa wake. Nikiichukua Tanzania Bara kuwa mfano, Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 huyatazama maji ya nchi kwa mabonde 9, nayo ni Pangani, Wami na Ruvu, Rufiji, Ruvuma na Pwani ya Kusini, Ziwa Nyasa, Bonde la Kati, Ziwa Rukwa, Ziwa Tanganyika na Ziwa Victoria, na kila bonde lina Bodi yake ya Maji, ambayo ndiyo itoayo kibali cha kutumia maji na kibali cha kutiririsha majitaka. Kwa upande wa uchafuzi kwa jumla lipo Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, ambalo wengi wamelizoea kwa herufi zake NEMC, lililoundwa mwaka 1983 na kupewa nguvu zaidi na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, lenye kazi ya kupitia tathmini ya athari kwa mazingira kabla mradi haujaanza, kukagua, kuamuru na kutoza faini. Huduma ya maji ya bomba husimamiwa na EWURA. Na karibu nawe kabisa wapo ofisa mazingira na bwana afya wa halmashauri, na kamati ya mazingira ya kijiji au mtaa, ambayo aghalabu imo katika karatasi tu hadi mtu ajitokeze kuiulizia. Ikiwa katika bonde lako ipo jumuiya ya watumia maji, jiunge nayo, kwa kuwa hiyo ndiyo iliyo jirani zaidi na lango la zamani. Wala usimwandikie kila mmoja barua yake ya peke yake, maana kila mmoja ataweza kukuelekeza kwa mwenzake. Andika barua moja, mtaje mmoja kuwa ndiye mwenye dhamana ya kujibu, na wengine wape nakala waone kwamba wenzao wanajua.

Uwatendee watu hawa insafu tangu mwanzo. Bonde la Rufiji peke yake linapita kilometa za mraba 170,000, karibu sehemu moja katika tano za Tanzania Bara, na hakuna idadi ya maofisa na magari itakayotosha kulizunguka kila juma. Ofisa mwadilifu aliyefika mtoni siku nne baada ya samaki kufa hana la kupima ila maji mapya yaliyokuja nyuma ya yale yaliyoua. Ndiyo sababu sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu kazi ambayo ni yako wewe uliye karibu, kwani hakuna mlinzi anayeweza kuilinda amana ambayo mwenyewe hajui ilikuwa ya kiasi gani alipoiweka.

Ujue mto wako siku za afya yake. Nunua daftari gumu lenye kurasa zisizochanika kwa urahisi, chagua mahali patatu, pa juu, pa kati na pa chini ya kijiji chako au ya kiwanda unachokitilia shaka, uweke alama ambazo hata mjukuu wako atazitambua, mathalani mkuyu, mwamba au nguzo ya daraja; kisha mara moja kila juma, saa ile ile, uandike uonacho. Andika kimo cha maji kwa kukilinganisha na alama mwambani, andika rangi na harufu, andika kama kuna povu lisilovunjika, andika mvua imenyesha lini. Jaza maji katika chupa nyeupe angavu, weka nyuma yake karatasi yenye maandishi, uandike kama maandishi yanasomeka. Geuza mawe penye maji yaendayo kasi, utazame wadudu wadogo wanaong'ang'ania chini yake, hasa wale wenye mikia miwili mitatu myembamba kama nyuzi, maana hao hawastahimili uchafu, nao huwa wa kwanza kutoweka. Ukija ukaona wametoweka wao na imebaki minyoo myekundu matopeni, hiyo ni dalili ya maji yaliyokosa hewa, na umeipata pasipo kulipa senti moja. Daftari la miezi 6 namna hii lina uzito ambao kelele za watu 1,000 hazina, kwa sababu ofisa akikuambia kwamba mto siku zote huwa na rangi hiyo wakati wa masika, utafungua ukurasa wa masika.

Kwa nini nasisitiza hivi, nitakueleza kwa kisa cha Mto Mara, ambacho kwa maoni yangu kila mwanafunzi wa mambo haya angepaswa kukisoma taratibu. Mwezi Machi mwaka 2022 maji ya mto huo, karibu na daraja la Kirumi, pale unapokaribia kuingia Ziwa Victoria, yaligeuka meusi na samaki wakaelea wamekufa. Serikali ilizuia kwa muda matumizi ya maji hayo, na Waziri aliyehusika na mazingira wakati huo, Selemani Jafo, aliunda kamati ya wataalamu iliyoongozwa na Profesa Samwel Manyele. Kamati ilirejea ikasema kwamba chanzo ni kinyesi na mkojo wa ng'ombe waliolishwa katika eneo oevu, pamoja na mimea iliyooza, vitu ambavyo vilipoingia mtoni kwa wingi viliyanyang'anya maji oksijeni hata samaki wakakosa pumzi. Haikuutaja mgodi wa dhahabu wa North Mara kuwa ndio chanzo. Wananchi wengi, na baadhi ya Wabunge pia, waliikataa kauli hiyo waziwazi.

Sasa tafakari jambo hili kwa utulivu. Maelezo ya kamati hayakuwa muhali katika elimu. Juu zaidi ya mto huo huo, upande wa Kenya, ambako viboko zaidi ya 4,000 hushinda mchana katika madimbwi, watafiti walichapisha mwaka 2018 ushahidi kwamba kinyesi chao kinachorundikana chini ya maji, mto ukija na nguvu baada ya mvua, huzolewa na kuyanyang'anya maji oksijeni hata samaki wakafa kwa wingi. Kiboko akiweza, ng'ombe hawezi? Yamkini aliweza. Walakini watu wa Mara walikuwa na kumbukumbu zao. Walikumbuka Mei 2009, maji yenye tindikali yalipovuja kutoka mgodi huo yakaingia Mto Tigithe, ambao humwaga maji yake katika Mara. Na walikumbuka Mei 2019, Baraza lenyewe la mazingira lilipoutoza mgodi huo faini ya shilingi bilioni 5.6 kwa sababu ya uchafuzi kutoka bwawa lake la topesumu. Mtu aliyeyaona hayo mawili, akaambiwa mara ya tatu kwamba safari hii ni ng'ombe wake, anahitaji kuonyeshwa vipimo, na kuonyeshwa kwa namna anayoweza kuifuata hatua kwa hatua. Akipewa hukumu pasipo vipimo, atairudisha ilikotoka, na huenda siku hiyo akawa ameirudisha kweli yenyewe. Hasara ya kupotea kwa imani, nadhani, ni kubwa kuliko tunavyodhani: haizuii uongo tu kukubaliwa, huizuia na kweli.

Lipo na jambo la pili ninalolipata nikikilinganisha kisa hicho na kingine, nalo nalisema kwa uchungu. Mto Ruaha Mkuu, uliokuwa ukitiririka mwaka mzima katika hifadhi ya wanyama, ulianza kukauka wakati wa kiangazi tangu mwaka 1993. Zikatolewa sababu nyingi, na kwa miaka kadhaa iliyosikika kuliko zote ikawa ni mifugo ya wafugaji wa Usangu na Ihefu, hata mwaka 2006 na uliofuata wafugaji wakaondolewa huko pamoja na ng'ombe wao. Mto uliendelea kukauka, kwa kuwa juu yake mashamba makubwa na madogo ya umwagiliaji yalikuwa yakiuvuta kiangazi kwa masika. Kwa hiyo, msomaji, nakupa kanuni niifuatayo mimi: maelezo yoyote ya msimamizi yanayomwangukia yule asiye na wakili wala msemaji, yapime mara mbili. Hayawi ya uongo kwa sababu hiyo, na mfugaji naye aweza kuharibu mto. Lakini ni maelezo ambayo hayamgharimu mwenye kuyatoa, na jambo lisilomgharimu msemaji hustahili ithibati zaidi.

Nirejee katika kazi yako. Siku ya msiba ikifika, maji yakabadilika au samaki wakaelea, usiguse samaki kwa mikono mitupu, usile, usiwape kuku wala mbwa, na uwazuie watoto na mifugo. Tazama saa. Samaki waliokufa alfajiri, wakubwa wakitangulia, na waliokuwa wakihema juu ya maji kabla ya kufa, huashiria upungufu wa oksijeni, maana usiku mimea ya majini haitoi hewa bali huivuta. Samaki waliokufa mchana wa jua kali, wakubwa kwa wadogo, pamoja na vyura na wadudu, hufanya mtu afikiri juu ya sumu. Dalili hizi si hukumu, ni mwanga wa kumwelekeza mpimaji. Piga picha zenye tarehe, zionyeshe kitu kisichohama, kama vile daraja, ili asitokee mtu wa kusema ni mto mwingine. Panda juu ya mto kwa miguu hadi utakapokuta maji mazuri, kwa kuwa mahali pale maji yanapobadilika ndipo palipo na siri yote, paandike.

Kisha piga simu kwa Bodi ya bonde na kwa halmashauri siku hiyo hiyo, na wakati ukiwangoja, chukua sampuli. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu mashauri mengi ya mito huharibikia katika chupa. Tafuta chupa safi zenye kizibo cha kukaza, zisizowahi kutiwa mafuta wala dawa. Zisuuze mara tatu kwa maji ya mto pale pale utakapochukulia, ukimwaga upande wa chini wa mkondo. Ingia ukiwa umeelekea juu ya mkondo ili matope ya miguu yako yasiingie, zamisha chupa chini ya uso wa maji, ijaze hata isibaki hewa, uifunge ingali majini. Sampuli ya vijidudu ina chupa yake maalumu iliyotakaswa na maabara, nayo haisuuzwi. Fanya hivyo mahali patatu, juu ya penye kutiliwa shaka, penyewe, na chini yake, maana chupa moja ya maji mabaya haithibitishi ubaya umetoka wapi, ilhali chupa ya juu ikiwa njema na ya chini ikiwa mbaya, kilicho katikati kimejitaja. Jaza mbili mbili. Andika juu ya kila chupa, kwa wino usiofutika, mahali, tarehe, saa na jina la aliyechukua. Zifunge kwa gundi ya karatasi na watu wawili watie sahihi juu ya gundi, mmojawapo awe mtendaji wa kijiji ikiwezekana. Ziweke gizani penye barafu. Chupa ya kwanza impe ofisa na akutilie sahihi ya kupokea, ya pili ibaki kwenu imefungwa. Usicheleweshe: sayanidi huvunjika katika jua, vijidudu huongezeka au kufa ndani ya saa chache, metali huganda kwenye kuta za chupa isipotiwa tindikali ya kuzihifadhi, na oksijeni haisafiri kabisa, lazima ipimwe pale pale mtoni. Ukisikia ripoti inataja oksijeni iliyopimwa mjini, uliza.

Ofisa atakapofika, fuatana naye. Yeye ana haki ya kufanya kazi yake bila kubughudhiwa, na wewe una haki ya kusimama penye lango. Mwombe achukue sampuli pale ulipochukua wewe, mwonyeshe daftari, mwulize sampuli zitapelekwa maabara gani na majibu yatatoka lini, uandike majibu yake mbele yake kwa adabu. Nimeona maofisa wakifurahishwa na watu wa namna hii kuliko wanavyofurahishwa na ukimya, kwa sababu shahidi mwenye daftari ni ngao kwa ofisa mwaminifu anaposhurutishwa na wakubwa au na wenye mali kulegeza ukweli.

Baada ya hapo ni barua. Mimi mwenyewe niliwahi, kwa niaba ya jirani zangu, kupeleka katika ofisi moja barua ya malalamiko juu ya mfereji uliogeuka mweusi; niliikabidhi kwa mkono, nikashukuru, nikaondoka. Miezi miwili baadaye barua haikuwamo katika rejesta, na yule aliyeipokea alikuwa amehamishwa, nami sikuwa na kitu cha kuonyesha ila maneno yangu. Tangu siku hiyo sitoki ofisini bila muhuri wa kupokelewa, tarehe na sahihi juu ya nakala yangu, nami nakuusia hivyo hivyo. Barua yenyewe iwe fupi, isiyo na matusi wala dhana, iseme mathalani: Sisi wakazi wa kijiji fulani tunaoishi kando ya mto fulani, tarehe fulani, saa 12 asubuhi, penye daraja fulani, tuliona mambo haya na haya, tulitoa taarifa kwa simu kwa mtu mwenye cheo fulani, tumehifadhi sampuli na picha, tunaomba mambo matatu, kwanza nakala ya majibu ya maabara kwa sampuli zilizochukuliwa, pili kujulishwa kama kiwanda, mgodi au shamba fulani lina kibali cha kutiririsha majitaka na masharti ya kibali hicho, tatu kujulishwa hatua iliyochukuliwa na tarehe yake. Taja Sheria ya Usimamizi wa Mazingira, ambayo kifungu chake cha 4 kinampa kila mtu haki ya mazingira safi, salama na yenye afya, na Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016, inayompa mwenye taarifa siku zisizozidi 30 kumjibu raia aliyeiomba kwa maandishi. Hesabu siku hizo katika daftari. Zikipita kimya, andika ya pili ukiambatanisha nakala ya kwanza yenye muhuri, na nakala sasa iende kwa mkuu wa wilaya na kwa mbunge wako.

Ripoti ikitoka, isome kwa kalamu mkononi. Usianzie penye hitimisho, maana hitimisho ni mahali pa mwisho pa kupata ukweli. Anzia penye tarehe. Sampuli zilichukuliwa siku ngapi baada ya tukio? Zilichukuliwa mahali pangapi, na je, mojawapo palikuwa juu ya chanzo kinachotuhumiwa? Vilipimwa vitu gani, na vipi havikupimwa, kwa kuwa kisichopimwa hakiwezi kupatikana? Majibu yamewekwa yote kwa tarakimu pamoja na kiwango kinachoruhusiwa, au umepewa neno moja tu, salama? Maji pekee ndiyo yaliyopimwa, au na matope ya chini na nyama ya samaki, ambako metali hujificha maji yakishapita? Ripoti inayojibu maswali haya, hata kama matokeo yake hayakupendezi, ina haki ya kuaminiwa nawe, na uwe wa kwanza kuwaambia wenzako hivyo. Kumkatalia mtu mwaminifu imani yake ni dhuluma kama dhuluma nyingine. Isiyoyajibu irudishwe kwa barua, swali kwa swali.

Sina budi kukugusa na wewe. Kifungu cha 57 cha Sheria ya Mazingira kinakataza shughuli za kudumu, na zile ziwezazo kudhuru, ndani ya meta 60 kutoka ukingo wa mto, ziwa au bahari, na wewe huenda una bustani ya mchicha meta 10 tu kutoka majini. Dar es Salaam, kando ya Mto Msimbazi, mvua kubwa ikinyesha wapo watu wanaotapisha vyoo, kinyesi kikafuata maji hadi Jangwani na baharini, kisha watu wale wale wakalalamikia viwanda na machinjio yaliyo juu yao. Madai yao juu ya viwanda yaweza kuwa ya haki kabisa, lakini mwenye kiwanda akiitwa mbele ya msimamizi atakuja na picha za bomba la choo chako, na shauri litageuka kuwa mizani ya nani mchafu zaidi. Rudi nyuma meta zako 60, panda miti, jenga choo kinachonyonywa na gari. Unaondoa udhuru mikononi mwa mkubwa.

Na kama yote haya yakipita na mlinzi wa amana akanyamaza, ipo mahakama, na kifungu cha 5 cha sheria ile ile kinakupa njia ya kuifikia. Ni njia ndefu. Itumie ukiwa na daftari, chupa, na barua zenye mihuri, vinginevyo utamtajirisha wakili. Mfano ni wa Mombasa, nchini Kenya: katika mtaa wa Owino Uhuru, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilieneza sumu ya risasi kwa watu na watoto wao. Mama mmoja aliyewahi kufanya kazi humo, Phyllis Omido, ambaye mwanawe mchanga aliugua, alianza kupima damu, kuandika na kudai, na Julai 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliamuru fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Asilimia 40 ya mzigo huo ilitwikwa mamlaka ya mazingira ya taifa yenyewe, kwa kuacha kulinda. Mahakama ya Rufani iliitengua fidia hiyo, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairejesha.

Jibu la ofisi likifika, zuri au baya, lisomwe lote katika mkutano wa kijiji, si mdomoni mwa mtu mmoja. Kisha juma linalofuata, saa ile ile, rudi penye mkuyu, penye mwamba na penye nguzo ya daraja, geuza mawe, uandike wadudu wenye mikia wamerudi au bado. Daftari likijaa nunua jingine, na lile la kwanza lihifadhiwe pakavu pamoja na barua zake, mahali ambapo watu wawili zaidi yako wanapajua.